Mkono Ndani ya Ala

Siku ya kwanza kazini sikupewa sindano wala ngozi. Nilipewa kisu kilicholala ndani ya ala yake, nikaambiwa nikichomoe. Nikakichomoa, nikapiga kelele. Juu ya bapa, yaani ule upana wa kisu, kulikuwa na magamba madogo, meusi yenye ubluu, yamepangana vizuri kabisa, kana kwamba chuma kimeanza kuota ngozi. Nilikitupa chini. Fundi Mkuu, mwenye karakana ile ya mtaa wa Kabondo, ambaye sote tulimwita kwa cheo hicho tu, alicheka mpaka akakohoa.

"Bon, umeogopa, ni vizuri," alisema. "Ile ala iko ya ngozi ya kenge. Haikukauka muzuri, mutu akaingiza kisu. Sasa kenge amejichora pale. Sikia, mutoto wangu: kisu inakata kidogo tu, saa zote zingine iko inalala. Alors, kazi yako iko pale inapolala."

Nimeshona ala za visu tangu usichana wangu mpaka macho yaliponigomea. Ninyi vijana mnaoviringisha kisu ndani ya gazeti na kukitia kwenye mfuko wa pikipiki, kisha mnalalamika kwamba chuma cha siku hizi ni kibovu, kaeni kidogo mnisikilize. Chuma hakina kosa. Wenye kosa ni ninyi.

Ngozi iliyolainishwa kwa maji ya maganda ya miti hubaki na ukali wake. Ikikutana na chuma na unyevu wetu huu, chuma hugeuka bluu, kisha cheusi. Ngozi iliyohifadhiwa kwa chumvi ni mbaya zaidi, maana chumvi huita maji, na kutu hutafuna mpaka vishimo. Kitambaa nacho hushika mchanga, na kila unapochomoa kisu unakikwaruza kwa mkono wako mwenyewe. Mbao laini isiyo na utomvu, iliyokauka kweli, ndiyo inayokiacha kisu king'ae. Lakini nani ana subira ya kungoja mbao ikauke?

Fundi Mkuu alinituma kwanza Barumbu, kwa wavuvi. Wale walipenda ala za plastiki walizozikata kwenye madumu. Plastiki haichubui wala haichafui, ila haipumui: tone la mto likiingia na kisu, linabaki humo. Nikawa nawatobolea tundu kwenye ncha ili maji yatoke. Waliniita Mama Matundu, na nilipoondoka walisikitika, au ndivyo walivyosema.

Kutoka hapo nilipelekwa Bafwasende, na huko ndiko nilikojifunza kuiogopa kazi yangu mwenyewe. Msituni ngozi haikauki, inajifanya tu. Nilikuwa na kibanda karibu na barabara, ala za wawindaji zimening'inia ukutani na visu ndani yake. Mvua ikikatika na jua likatoka, ngozi mbichi hujikaza, na visu husukumwa nje polepole, vyenyewe, bila mtu kuvigusa. Sababu niliijua. Hata hivyo, nilipokaa nimevipa mgongo nikasikia ule mlio mdogo wa chuma kikijikokota, nywele zilinisimama.

Mchana mmoja wa mvua waliingia watu wawili. Mbele mwanamume mwenye kofia, amekumbata furushi. Nyuma yake mwanamke aliyenyolewa kichwa, amevaa kitambaa cha msiba, anatembea kama mtu aliyekatazwa kukaribia. Mwanamke ni Mama Asifiwe. Mumewe, Papa Asifiwe, mpasua mbao, alikuwa amefariki kwa homa. Mwanamume alikuwa mdogo wake marehemu.

Ukoo wao ulikuwa na desturi. Siku ya kuondoa matanga, kisu cha marehemu huchomolewa mbele ya watu wote. Kikitoka safi, amekwenda salama, na mjane anabaki na nyumba na watoto wake. Kikitoka na doa, inasemwa kwamba kuna mtu wa nyumbani aliyemshika kwa uchawi, na mtu huyo hufukuzwa.

Shemeji alifungua furushi na kukichomoa kisu. Kilikuwa kisu kipana cha kuchunia nyama. Nilikuwa nimeona madoa ya kila aina maishani mwangu, lakini pale nilitaka kukimbia. Juu ya bapa kulikuwa na mkono, kiganja karibu na mpini, vidole vimenyooka kuelekea ncha, vyeusi.

"Njo vile ilitoka mbele ya batu," alisema shemeji. "Bazee bakasema labda iko uchafu tu. Nikaisugua na majivu mimi mwenyewe. Nikaiosha, nikaipaka mawese, nikairudisha, nikafungia mu sanduku yangu, kifunguo shingoni. Huyu mama hakuigusa hata kidogo. Juzi nafungua: mukono tena! Jumapili tunakaa mara ya mwisho. Kama iko na doa, atatoka, na batoto batabakia kwetu."

Mama Asifiwe aliangalia chini, anasokota pindo la kitambaa chake.

"Uliirudisha mu ala ile ile?" nikamuuliza shemeji.

"Sasa ulitaka nilalishe kisu ya yaya wapi?"

Yaya ndivyo alivyomwita kaka yake. Nikaomba ala. Nikainusa kama nilivyofundishwa: ngozi ya swala, na ndani yake kitu kingine, harufu ya jasho la zamani. Nikachukua maharazi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, nikafumua mshono mbele ya macho yao. Ala ilipofunguka, mkono ukatanda juu ya magoti yangu.

Ilikuwa glavu ya kazi, ya ngozi, imekatwa upande mmoja na kushonewa ndani kama bitana. Miaka ya jasho ilikuwa imelala ndani ya ngozi ile, na jasho ni chumvi. Kila mara kisu kiliporudishwa kikiwa na unyevu, glavu ilijichapa.

Shemeji alipiga magoti. "Hii iko gant ya yaya," alisema, akalia waziwazi, mtu mzima yule. Alipomaliza alimgeukia mjane. "Mama Asifiwe, unisamehe. Mama fundi, safisha kisu, shona ala mupya. Jumapili itoke safi mbele ya batu, maneno iishe." Akatoka mvuani kwenda kuwaita wazee waje waione glavu kwa macho yao.

Nilibaki nimefurahi, nakiri, najisifu moyoni. Nikachukua msasa. Hapo Mama Asifiwe alinishika mkono.

"Angalia kwanza gant," alisema.

Nikaiangalia. Mahali pa kidole gumba palikuwa pamezibwa kwa uzi, mshono wa zamani, umechakaa.

"Musumeno ilimukata kidole mbele ya ndoa yetu," alisema. "Mimi sikukijua hata siku moja. Hiyo mushono nilishona mimi, juu vumbi ya mbao isiingie."

Glavu ilikuwa na vidole vinne. Nikakigeuza kisu kwenye mwanga wa mlango. Nilihesabu, nikahesabu tena. Gumba lilikuwepo, limetanuka kuelekea kwenye makali, na kucha yake inaonekana.

Nimetafuta sababu tangu siku ile. Nimejaribu mikunjo, mawese, uzi wenye chumvi. Sijaipata, na sitaki mnipe yenu.

Mama Asifiwe aliweka kiganja chake juu ya mkono ule, kidole juu ya kidole. Alitabasamu huku machozi yakimtoka. "Kidole yake imerudi," alisema. "Iko muzima kule." Kisha akaondoa mkono. "Futa, Mama. Batoto."

Nikafuta. Sijawahi kung'arisha chuma kwa uzito wa moyo namna ile. Nilikishonea kisu ala ya mbao kavu niliyokuwa nimejiwekea mwenyewe, na Jumapili kilitoka kikiwaka. Alibaki na nyumba yake na watoto wake. Ile ala ya zamani aliniomba niirudishie mshono kama ilivyokuwa, glavu ikiwa ndani, nikamfanyia.

Sasa nimestaafu, nimerudi Kabondo, na kazi yangu ni kuwafokea watu wanaopita. Msimu huu wa mvua Mama Asifiwe alikuja mjini kumtazama binti yake anayesoma hapa, akapita kunisalimu. Kwenye kikapu alikuwa na ala ile, na ndani yake kisu chake cha jikoni. Alikichomoa taratibu, akanionyesha. Vidole vitano.

"Minasugua, inarudi," alisema, kama mtu anayesimulia habari za mgeni aliyemzoea.

Maisha yangu yote nimewafundisha watu jambo moja, nikalisema hata kwake: "Mama, badilisha ala."

Akanitazama kwa huruma, mimi fundi.

"Na yeye alale wapi?"

Nilichukua nta na uzi, nikaukaza mshono uliokuwa umeanza kulegea, nikamrudishia ala yake.