Kijiko ni cha Mgonjwa

Siku ile niliamka Nyasura, nikafunga begi, nikatoka bila kujua niendako. Chumba nilichopanga pale Bunda hakikuwa na ubaya wowote. Nilikuwa nimekizoea tu, na mimi kitu nikishakizoea naanza kukiona kama kofia ya mtu mwingine. Stendi, mpiga debe wa gari la Musoma aliniwahi mkono kabla ya yule wa Mwanza, basi nikaenda Musoma. Mambo yangu mengi yameamuliwa namna hiyo, tangu nilipoacha shule darasa la sita kuwafuata watu waliokuwa wakichimba kisima, nione maji yanatokea wapi.

Musoma nina dada. Nilifika kwake saa ya chakula cha mchana, ambayo ndiyo saa nzuri ya kufika kwa ndugu kama huna habari ya maana ya kuwaletea.

Mezani walikuwa watu watatu na sufuria nne. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtoto wa kijiji cha ziwani, aliyelelewa kwa furu, vile visamaki vidogo vyenye miiba mingi kuliko nyama. Alipokuwa anamchumbia dada alikula dagaa wa mama yangu akalamba na vidole. Kisha akapewa ofisi yenye kiti cha kuzunguka, na tangu siku hiyo dagaa ni chakula cha kuku. Sasa anakula sato, tena awe wa leo, awe wa kukaanga, na kichwa kiondolewe kabisa kwa sababu, anasema, kinamwangalia. Mtu mzima, ana tai shingoni, anaogopa jicho la samaki.

Mtoto wao wa pekee, binti wa miaka sita, alikuwa amekalishwa juu ya mito miwili. Mbele yake simu imeegemezwa kwenye jagi la maji, inaonyesha katuni. Hakuwa anaangalia sahani hata kidogo. Paka wa kwenye simu akianguka, mtoto anacheka, na akicheka dada anamtumbukizia kijiko cha tambi. Nilihesabu vijiko saba kwa paka mmoja. Dada mwenyewe alikula baadaye, amesimama karibu na sinki, anachokonoa kile kichwa cha sato kilichomtisha mumewe.

"Huyu mtoto anakula nini hasa?" nikauliza.

"Tambi. Chipsi. Yai, ila ile njano hataki."

"Na ugali?"

"Mweupe, kidogo, kama simu ina chaji."

Shemeji akachomoa kijiti cha meno. "Watoto wa siku hizi hawako kama sisi, shemeji. Sisi tulikuwaga tunakula chochote."

"Mlikuwaga," nikamwambia.

Dada akanikata jicho, akanivuta jikoni. Huko ndiko nilikoelewa kwamba nimekuja siku mbaya, au nzuri, kutegemea nani anahesabu. Yeye ni mhudumu wa wodi, miaka minane anafagia na kubeba mabeseni ya watu. Safari hii alikuwa amechaguliwa kwenda Mwanza kusomea kazi ya juu zaidi, miezi mitatu, kuanzia Jumatatu. Asipotokea Jumatatu, nafasi inakwenda kwa mwenzake, na wenzake walikuwa wengi na hawakuwa wanaficha meno yao. Tatizo lilikuwa mtoto. Msichana wa kazi wa tatu alishaondoka, akisema heri akachunge ng'ombe, ng'ombe akiona majani anainama mwenyewe. Mume, alipoulizwa, alijibu, "Mimi na jiko wapi na wapi?" Alibaki mama yetu, Butiama.

Mama alikubali kwa sharti. "Mleteni Ijumaa. Akila mpaka Jumapili, atabaki kwangu. Asipokula, mama yake aje amchukue akae naye. Sitaki mtoto akondee mikononi mwangu, halafu watu waseme nilimnyima."

Shemeji asingeweza kumpeleka. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hali mbele yake. Wakikutana wanasalimiana huku kila mmoja anasoma viatu vya mwenzake. Kwa hiyo ikawa kazi ya mjomba asiye na kazi. Dada alinipakilia pakiti sita za tambi, chupa ya tomato, na karatasi ya masharti. Sharti la kwanza lilisema kitunguu kisionekane. Nimewahi kubeba saruji iliyokuwa na masharti machache kuliko yale.

Tulifika Butiama Ijumaa kabla ya saa sita. Mama alimpokea mjukuu wake kwa kicheko. "Karibu, mke mwenzangu! Umekuja kuninyang'anya mume? Mwenyewe alishakufa, tutagombania kiti chake." Kisha akaitazama pakiti ya tambi juu na chini, akauliza hiyo ni mizizi ya ugonjwa gani, akaitupa juu ya kabati pamoja na wenzake. Simu ya katuni haikuwepo. Yangu ni kitochi. Ukiibonyeza sana inatoa tochi, basi.

Chakula kikaja: ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na mtama, mweusi, mgumu, unafuka moshi, na mboga ya mgagani iliyopikwa na maziwa. Mabinti watatu wa kaka yangu, wanaokaa nyumba ya pili, walishauzunguka mkeka kabla sinia halijatua. Kijiko hakuna. Kwa mama kijiko ni cha mgonjwa. Ukionekana kwake umeshika kijiko, jirani atakuja kukupa pole na kuuliza homa imeanza lini.

Mgeni wetu akagusa ugali, akaurudisha mkono upesi, akauweka mapajani. Akakaa hivyo, anatazama mikono ya wenzake inavyokwenda na kurudi. Kitambo kidogo sinia likabaki linang'aa.

"Anaringa," akasema binti mkubwa wa kaka, akifuta mdomo.

"Unaona ule mdomo?" mama akaniambia. "Anakidharau chakula changu. Ndivyo mnavyowalea huko Musoma."

Hapo nilishindwa kunyamaza. Pasaka mama alikwenda kumtembelea dada. Alipogundua kwamba dada anapikia gesi, alikaa siku mbili kwa chai na karanga alizobeba kwenye upindo wa kanga, na akarudi nyumbani amekonda kama mtu aliyetoka mahabusu.

"Mama, wewe mwenyewe Pasaka ulikula nini?"

"Usilinganishe. Chakula kisichopigwa na moshi ni cha hospitali."

"Basi huyu naye labda kwake kilichopigwa na moshi ni cha hospitali."

"Mimi nina miaka sabini," akasema. "Mimi nina sababu."

Hiyo ndiyo familia yangu. Baba akikataa samaki ni cheo, bibi akikataa gesi ni mila, mtoto akikataa ugali anadeka. Wote wanakunja pua kama alivyoikunja marehemu baba, ila anayechapwa maneno ni yule mwenye pua ndogo.

Lakini nisijitoe. Mimi pia nilimdharau. Jumamosi mchana ilipokuwa yaleyale, mkono mapajani na sinia kung'aa, nilimwambia, "Endelea kuringa. Njaa ni mwalimu asiyekwenda likizo." Nilijiona nimesema neno. Asubuhi alikuwa amekunywa uji vikombe viwili akaomba cha tatu, lakini hakuna aliyelitilia hilo maanani, kwa sababu kwa mama uji si chakula, ni maji yenye rangi. Jioni akakaa tena mbele ya sinia kama mtu aliyealikwa kwenye mkutano wa lugha asiyoijua.

"Kesho asubuhi mpigie dada yako," mama akasema, bila furaha. "Aje."

Jumapili nilitoka na mswaki, nikazunguka nyuma ya jiko. Nikamkuta binti wa dada amechuchumaa pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa anamega udongo, anauzungusha kiganjani, kisha anabonyeza kidole gumba katikati. Udongo ukawa unapasuka. Pembeni, juu ya jani la mgomba, alikuwa amepanga matonge kama kumi, mengine kama mayai, mengine kama kinyesi cha mbuzi. Alikuwa anamegea mkono wa kushoto.

"Unafanya nini?"

"Najifunza."

"Unajifunza nini?"

"Hii ya kufanya hivi." Akanionyesha kidole gumba. "Ule ugali unaunguza, mjomba. Ukianza kupoa, wale wengine wanakuwa wamemaliza."

"Nyumbani mnafanyaje?"

"Mama ananilisha. Shule tuna uma."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanitazama kama ninavyotazamwaga na makarani. "Bibi alisema naringa."

Nilibaki na povu la dawa mdomoni. Mtoto wa Mara, anahesabu mpaka mia kwa Kiingereza, anajua majina ya paka wote wa kwenye simu, na hakuna mtu hata mmoja, kuanzia baba mwenye kiti cha kuzunguka mpaka mwalimu anayelipwa kwa muhula, aliyewahi kumwonyesha mkono wake una kazi gani mezani. Na mimi, niliyeacha shule kwa ajili ya kujua maji yanatokea wapi, nilikaa siku mbili mbele ya mtoto mwenye njaa sikumwuliza swali hata moja. Nilikuwa na majibu tayari.

Nikamwambia mama. Alikuwa anapepeta mtama, ungo ukasimama.

"Kwa hiyo hakuwa ananidharau?"

"Hajui kumega, mama. Wala haulizi, maana mlishamhukumu."

"Mlishamhukumu akina nani? Na wewe ulikuwepo."

Nilidhani ataleta kijiko. Ningemjua vizuri nisingedhani hivyo. Aliinuka, akafunua sufuria, akatoa kiporo cha ugali wa jana, kimepoa, kimekaza. Akamwaga maziwa ya mgando kwenye bakuli, akaketi kwenye kigoda kabla mabinti wa kaka hawajasikia harufu.

"Mke mwenzangu, njoo hapa. Lete mkono. Siyo huo, huo una kazi yake nyingine. Huu. Mega kidogo. Kidogo nimesema, hujengi nyumba. Zungusha. Haya, dole gumba."

Tonge la kwanza lilianguka chini, kuku akaliwahi. La pili likaingia kwenye bakuli likazama. La tatu lilikuwa na kishimo, kishimo kibaya, kimepinda, lakini kilichota maziwa, na maziwa yakafika mdomoni yakiwa nusu, mengine yakamwagika kwenye gauni. Akatafuna. Macho hayakumtoka kwa furaha kama kwenye matangazo ya siagi. Alitafuna tu, kama mtu mwenye njaa.

"Naweza kuchukua lingine?"

"Nani amekushika mkono?" mama akasema, na akageuka kumfukuza kuku ambaye tayari alikuwa ameshakwenda zake.

Kiporo kilipoisha nikampigia dada.

"Anakula?"

"Anakula."

"Anakula nini?"

"Kiporo."

"Kiporo? Mwanangu mimi? Na tambi nilizokupa?"

Nyuma yake nikasikia sauti ya shemeji, mla furu, mlamba vidole: "Wanamlisha kiporo? Ataharisha huyo! Mwambie arudishwe!"

"Labda nije tu nimchukue," dada akasema, na sauti yake ikawa ndogo. Nilimwona kabisa, amesimama karibu na sinki, miaka minane ya mabeseni nyuma yake na mingine minane mbele yake, na kinachomrudisha ni ugali wa jana. Mama akaninyang'anya simu.

"Wewe ulikulia kiporo. Mkono ulioshika hiyo simu umejengwa na kiporo. Mtoto amekula kwa mkono wake, mimi nimeona, sharti langu limetimia. Kesho nenda Mwanza. Na huyo anayepiga kelele hapo nyuma mkumbushe, alipokuja kukuchumbia nilimpelekea kichwa cha samaki, sinia likarudi hata mfupa hakuna."

Huko upande wa pili kitu kikapasuka. Kilikuwa kicheko cha dada. Sikuwa nimekisikia tangu nifike Musoma.

"Sawa, mama," akasema. "Sawa. Nakwenda."

Jumatatu asubuhi mabinti wa kaka walikuwa wakilalamika kwamba mgeni anamega makubwa. Begi langu lilikuwa mlangoni. Mama akaliona.

"Watu wengine wanachagua chakula," akaniambia, "wewe unachagua nyumba. Ukizoea tu, unatema."

Nikaliinua begi. Nimejibiwa vibaya na watu wengi, lakini mara chache kwa maneno machache hivyo.

Nilipita Bunda bila kugeuza shingo upande wa Nyasura, nikapanda gari la Kisorya kwa sababu sikuwahi kufika. Niliposhuka alasiri, kivuko cha Ukerewe kilikuwa kimeshang'oa nanga, watu waliobaki wamekalia mizigo yao. Nikaulizia malazi, nikaelekezwa kwa mama mmoja mwenye vyumba vitatu nyuma ya mgahawa. Kitanda, neti, ndoo ya maji, dirisha linaloona ziwa. Kilinitosha.

"Unakula, mgeni?" akauliza.

"Nakula chochote," nikajibu, kwa sauti ya shemeji kabisa.

Akaniletea ugali wa udaga na kamongo wa mchuzi. Kamongo ni samaki mrefu kama nyoka, anayepumua hewa kama mtu. Kwetu haliwi, baba alikuwa haruhusu hata sufuria yake ipite mlangoni. Nina miaka arobaini na kitu, nimelala katika wilaya nisizoweza kuzikumbuka, na sijawahi kumtia mdomoni.

Kitochi kikalia mfukoni. Ujumbe wa dada: *Nimefika. Darasani nimekaa kiti cha mbele.*

Mwenye nyumba alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Mbona chakula unakitazama tu? Hiki hutumii?"

Nikanawa mkono wa kulia, nikauweka juu ya meza, karibu na sahani.

"Nasubiri kipoe, mama," nikamwambia.