Panya wa Kufuga wa Mzee Gideoni

Mzee Gideoni wa Mnyambe hajawahi kukalia kiti mpaka kikapata joto. Akikaa, ananyanyuka, akinyanyuka, anazunguka nyumba. Tangu mjukuu wake Paulina amwachie wale panya wawili, ndiyo kabisa, kiti kilibaki cha kuku.

Naam, panya. Hapo ndipo majirani waliposhika mbavu. Huku kwetu panya wa shambani ni mboga, tena ya kumwekea mgeni, na katika kuwafukua baada ya mavuno hakuna aliyemfikia Gideoni. Jembe, shimo wazi, mkono ndani, panya ananing'inia kwa mkia, pigo moja kwenye mpini, basi. Leo mtu huyohuyo anawakatia panya karoti!

Hawa walitoka Dar es Salaam, jamii ya panya wa jangwani, wenye manyoya mpaka ncha ya mkia. Mwenye nyumba wa kina Paulina aliwakataa, mtoto akawaleta kwa babu likizo ya Juni, pamoja na sanduku lao la kioo lenye kifuniko cha wavu, na masharti juu. Sanduku la mbao hapana, watalitafuna watoke. Udongo mkavu na nyasi zijae hadi nusu, maana wasipochimba wanahangaika. Wasitenganishwe, mmoja peke yake hunyong'onyea. Jua lisiwapige, maji yasikose, mbegu za alizeti ziwe chache kwa sababu zinawanenepesha.

"Na mkia, Babu, usiushike kabisa. Ngozi yake inachomoka."

"Nimesikia, mjukuu wangu."

Alisikia kweli. Alizifuata mbegu za alizeti hadi Masasi. Mchanga wao wa kujigaragaza hakuuchota chini ya mikorosho, kwa kuwa watu walikuwa wanaipulizia dawa ya salfa; aliufuata mbali, akauchekecha. Hata hivyo hakutulia. Kila mara alikuwa ameinama kwenye kioo kuangalia kama wanapumua.

Jirani yake Sabina hakupita bila kuchokoza. "Mzee Gideoni, hiyo mboga inaiva lini?"

"Ikiiva hutaalikwa!"

Siku moja, alipokuwa anabadilisha nyasi, mmoja aliruka nje. Akakatiza sebule kuelekea mlangoni, na mlangoni alikuwa amelala paka wa Sabina. Gideoni hakufikiri. Mkono wake ulifanya ulichozoea kufanya tangu ujana: ukashika mkia.

Panya alinusurika na paka, lakini ngozi ya mkia ilibaki vidoleni mwa mzee.

Bwana mifugo wa Newala alimwambia asafishe kidonda kwa maji ya chumvi, sanduku liwe kavu, sehemu iliyobaki wazi itanyauka na kudondoka. Ndivyo ilivyokuwa. Panya akapona na mkia nusu. Aliyeugua ni Gideoni. Paulina akipiga simu, "Hawajambo, Babu?", yeye hujibu "Hawajambo," kisha huacha sahani na kurudi kwenye kioo. Hakuogopa kugombezwa. Aliogopa mtoto asimwamini tena, na kwa umri wake hakuona angeirudisha lini imani hiyo.

Desemba Paulina akafika.

"Shikamoo, Babu."

Hata marahaba hakuitikia. "Nilimshika mkia," alisema. "Ni mimi."

Mtoto akapita moja kwa moja hadi kwenye kioo. Akaangalia, akaangalia tena. Kisha akauliza bila kugeuka, "Ulitaka kumla?"

Kofi lingekuwa afadhali. "Hapana! Paka alikuwa mlangoni. Mkono ulikwenda wenyewe, Paulina. Mimi sikumtakia mabaya."

Paulina akafunua wavu. "Lete mikono. Yote miwili. Iunganishe kama unakinga maji."

Akamweka yule mwenye mkia nusu viganjani mwa babu yake. Uzito haukufika wa kuku mchanga. Kisha Gideoni akahisi kitu kinagonga chini ya manyoya, upesi upesi, bila kupumzika. Panya aliowahi kuwashika hawana idadi, lakini hakuwahi kuusikia moyo wa hata mmoja wao.

"Anaogopa," alisema.

"Anakuogopa wewe, Babu," alisema Paulina. "Usimwachie mpaka akuzoee."