Nilimjibu "Salama", Sasa Bomba Linafungwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Mapinga. Mwanvita Muhidini anafungua kufuli la kioski cha maji, anasuuza sakafu, kisha anakaa kusubiri watu. Jua linapanda, na aliyekuja ni mmoja tu.

Zamani foleni ilifika barabarani. Wanawake waligombana hapa, wakapatana, wakawasema waume zao. Nani kajifungua, Mwanvita alijua kabla baba hajaambiwa. Siku hizi nyumba mpya zina kuta ndefu, na kila ua una bomba lake. Jambo jema, nani atalikataa?

"Mimi mjane, wanangu wote wako Dar," anasema mama huyu wa miaka sitini na mmoja. "Siku nyingine jua linazama sijatamka neno ila bismillahi."

Ndoo mia mbili za kila siku zimebaki kumi na tano. Kwa mapato hayo kioski kingeshafungwa zamani. Ila mwezi uliopita alikuja ofisa kijana wa serikali, na ujumbe wake ulikuwa mzuri: kabla ya kufunga huduma ya umma kama kioski hiki, wakubwa wanataka kujua wananchi wanaishije, siyo fedha tu.

Alisimama mlangoni, akaamkia, akauliza: "Mama, unaridhika na maisha? Una watu wa kuzungumza nao?"

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi, salama tu," Mwanvita akajibu.

Angejibu nini? Pwani mtu anaumwa hoi, na akiulizwa hali husema hajambo. Majirani nao wakajibu hivyo hivyo, kila mmoja getini kwake. Ofisa akaandika kuwa mtaa una furaha na hakuna mpweke, basi kioski kikapangiwa kufungwa mwisho wa mwezi huu.

"Nimejifungia mlango kwa mdomo wangu," anasema, machozi yakimlengalenga. Hata mwandishi wa makala haya alijibiwa "salama" mara tatu. Haya yametoka baada ya kukaa na kumaliza kahawa. Inauma kumsikiliza.

Ofisa ameahidi kurudi Alhamisi kusikiliza wenye neno. Mwanvita ameshaazima mkeka.

"Safari hii hasimami. Atakaa, atakunywa, tutamaliza kuulizana hali. Halafu nitamwambia: mwanangu, nina upweke. Na hawa wachache wanaokuja na ndoo, kwao wana mabomba. Nenda ukakae nao pia, uwaulize wanafuata nini huku."