Habari Alizotoa Mzee Guyo Kutoka Usingizini

Haya ninayowaambia nimemficha hata mke wangu miaka yote hii, na nikifika katikati masikio huwa yanawaka moto, kwa hiyo mkicheka, chekeni polepole.

Ilikuwa Isiolo, wakati wa vita vya Shifta, wale waasi wa kaskazini, lori haliingii wala halitoki bila magari ya jeshi mbele na nyuma, na mimi nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali moja ndogo ambayo jina lake silitaji. Mimi Mmeru, lakini nimezaliwa pale mjini, nimekua na majirani Waborana, basi daktari wetu (Mzungu mwembamba ambaye Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai) akanifanya mkalimani wake, kisha akanipa kazi nyingine iliyonivimbisha kichwa zaidi, kazi ya utafiti.

Utafiti wenyewe ulizaliwa na shida. Etha, ile dawa ya kuvuta ili mtu alale akipasuliwa, ilikuwa inachelewa barabarani kila mara, kwa hiyo daktari alitaka kujua kama mgonjwa anaweza kupewa etha kidogo tu, halafu achomwe sindano ya kulegeza mwili mzima hata kifua kisivute pumzi, huku mtu mwingine akimpumulia kwa kuminya mfuko wa mpira. Wa kuminya mfuko nilikuwa mimi. Kila baada ya dakika chache nihesabu mapigo ya moyo niandike kwenye daftari, na mgonjwa akiamka nimuulize kila saa ana maumivu kiasi gani. Matokeo yakiwa mazuri, daktari alisema, njia hiyo itatumika katika hospitali zote za upande wa kaskazini.

Sasa siku moja chai ilikuwa imeshamiminwa, nikajaza ukurasa mzima kwa kukisia. Hakuna kilichotokea, daktari akasifu mwandiko wangu, nami nikaona kumbe kazi ni rahisi hivi. Na kwa nini niwaulize wagonjwa? Mzee wa Kiborana ukimuuliza hali, hata akiwa anakata roho, kwanza atakujibu nagaa, yaani amani, ndiyo heshima yao. Nikajiona jibu ninalo tayari.

Ndipo akaja Mzee Guyo kutoka Garbatulla, na ugonjwa wake wa ngiri, mtu mrefu, mkimya, tukaongea naye Kiborana tu. Asubuhi tukamlaza, etha kidogo, sindano, akalegea. Katikati ya kazi ofisa wa jeshi akabisha hodi, daktari akafunika kidonda kwa kitambaa, akatoka kuzungumza naye barazani, tukabaki mimi na Zeinabu, nesi wa chumba cha upasuaji, msichana wa zile familia za Kisomali ambazo babu zao walikuwa askari wa mkoloni (na niseme ukweli, nilitaka sana anione mtu). Mkono mmoja unaminya mfuko, mdomo nao unakwenda. Nikamwiga daktari: "Wewe leta maji moto, mimi nakata pole pole." Zeinabu akacheka ndani ya kitambaa chake, nami nikaona haitoshi.

"Unaona hii daftari? Mimi najaza nikikunywa chai, na yeye hata hajui."

Vidole vyangu vilikuwa shingoni mwa mzee. Mapigo yalikuwa yanakimbia vibaya, nami nikaandika ya kawaida, nisije nikaharibu mstari mzuri wa daktari.

Siku tatu mzee hakuongea na mtu. Alilala chali macho wazi, na kila nikipita macho yale yananifuata ila kichwa hakigeuki. Zeinabu akaniambia, "Huyu mzee halali kabisa. Mimi naogopa kumgusa." Nikamwambia aache ushirikina, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuzunguka upande wa pili wa wodi.

Siku ya nne, saa ya wageni, daktari akaingia na daktari mkubwa kutoka Nairobi, aliyefika na msafara kuja kuuona utafiti. Wodi imejaa watu. Kwenye kitanda kilichofuata alikuwepo Jattani, mkulima wa Kinna, ambaye alikuwa apasuliwe kesho yake kwa njia hiyo hiyo, na mkewe ameketi kando yake.

"Muulize alilalaje," daktari akasema.

Nikauliza. Mzee akakaa wima, akaanza kama mtu aliyerudi safari, amani ya watu kwanza, amani ya mifugo, kisha habari yenyewe, na Mborana akitoa habari ya safari haruki kitu, anaanzia alikotoka mpaka alikofika. Alisema alikijua kisu kilipoingia. Alitaka kuinua kidole, akakuta kidole si chake. Alitaka kuvuta pumzi, pumzi iko mkononi mwa mtu mwingine. Mkasi ulianguka kwenye beseni mara mbili (na ni kweli, ulianguka mara mbili). Alisema yote taratibu, bila hasira.

"Anasema nini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Anasema alilala vizuri sana, anashukuru."

Mzee akanitazama. "Hiyo si ile maneno mimi nasema," akasema, kwa Kiswahili. Kumbe alikuwa akipeleka ng'ombe Nanyuki miaka mingi, Kiswahili akakiokota huko. Halafu akafungua mdomo ikatoka sauti yangu. Yangu kabisa, na uso wake haukusogea: "Wewe leta maji moto, mimi nakata pole pole." Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikuta anacheka peke yake. "Unaona hii daftari? Mimi najaza nikikunywa chai, na yeye hata hajui." Daktari mkubwa akamgeukia Zeinabu, naye akamtafsiria kwa Kiingereza neno kwa neno bila kuniangalia.

Laiti angeishia hapo.

"Halafu maji ikatoka kwa jicho yangu," mzee akasema, sasa kwa sauti yake. "Mwili yote ilikataa, jicho peke yake ndiyo ilikubali. Huyu akaona. Mimi nikasema, sasa amejua, sasa ataambia wao wangoje. Akapanguza na kitambaa."

Hilo hata nyinyi nimewaficha tangu nianze. Nililiona chozi, nikalifuta, nikajiambia ni etha inachoma macho.

Daktari wetu aliniuliza swali moja tu, mapigo ya kweli yalikuwaje. Mke wa Jattani alikuwa ameshasimama, amemshika mumewe mkono, anautazama mdomo wangu. Nilijua nikisema yalikuwa ya kawaida, mzee ataonekana aliota tu, na kesho mume wa huyu mama atalazwa pale pale. Nikasema yalikuwa yanakimbia, na chozi nililiona, na namba nyingi za daftari ni za kichwani mwangu. Daktari akaniamuru nirudie kwa Kiswahili, kisha kwa Kiborana, ili wodi yote isikie, na nilipofika Kiborana nilikuwa nalia kama mtoto.

Jattani alingoja etha ya msafara uliofuata, akalala usingizi wa kweli. Utafiti ukaanza upya, Zeinabu ndiye aliyekuwa akihesabu, mimi nikapelekwa kufua bandeji.

Mzee Guyo alipokuwa anaondoka nilimbebea mzigo mpaka kwenye lori, nikamwomba msamaha. Akaupokea mzigo wake. "Kisu nitasahau," akasema. "Kitambaa, hapana."

Niliapa pale pale, na mpaka leo sijavunja: jicho la mtu likitoa maji mbele yangu, silifuti kabla sijamuuliza.