Shukrani kwa Dokta wa Macho

Mama alifunguliwa jicho moja, la kulia, kwa kupasuliwa na daktari wa Kiingereza wa hospitali ya Chake Chake. La pili aliahidiwa baada ya mfungo. Siku bandeji ilipotolewa aliniangalia muda mrefu, akasema nimekonda, kisha akanituma nimwandikie daktari barua ya shukrani.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana pale skuli ya Madungu na Kiingereza changu kilinipa kiburi, sifichi. Nilikuwa na kitabu cha mifano ya barua, nimekisoma mpaka jalada limebanduka. Mama alikaa juu ya mkeka akinitajia maneno yake kana kwamba daktari yuko mbele yake: salamu kwanza, hali ya mama yake huko Ulaya, dua, na mwisho, "Nwambie tumenchosha mno. Hatutansumbua tena."

Kwetu maneno hayo hayafungi mlango. Mtu akikwambia hakusumbui tena, wewe unajibu, "Usumbufu gani? Njoo hata kesho." Hapo ndipo anapokuja. Kulitaja jicho la pili ndani ya barua ya shukrani kungekuwa ulafi, kama mgeni anayetafuna huku anachungulia chungu. Mama hakulitaja, nami sikulitaja. Nililitafutia lile neno la mwisho Kiingereza kizuri kuliko chote nilichokuwa nacho, nikaisoma barua mara tatu kwa raha.

Jibu lilikuja siku chache kabla ya Idi, limepigwa chapa, mistari mitano. Daktari alifurahi kusikia kwamba mama ametosheka na jicho moja na hahitaji matibabu zaidi. Nafasi yake amepewa mgonjwa mwingine. Yeye mwenyewe anakwenda likizo kwao, na anayekuja kushika mahali pake hapasui macho. Chini kabisa alikisifu Kiingereza changu.

"Kasema nije lini?" mama akauliza.

Nikamwambia nakwenda kuuliza. Njia nzima niliyapanga maneno: kwamba hatukuwa na maana hiyo, kwamba huo ni ungwana tu. Nilimkuta daktari amesimama kati ya masanduku yaliyokwisha fungwa kamba. Alinisikiliza kwa upole, akaitoa barua yangu kwenye faili na kuweka kidole chini ya sentensi ya mwisho. "Lakini uliandika wewe mwenyewe," akasema, na kwa kweli alinionea huruma. Orodha imejaa, meli ni kesho. Nilifungua mdomo nimwombe, nimshike miguu ikibidi. Kilichotoka, kwa Kiingereza safi, ni kwamba namwomba radhi kwa kumsumbua.

"Si kitu," akasema, akanipa mkono.

Nilirudi nyumbani najichukia. Mama alikuwa barazani akichambua mchele, kichwa amekiinamisha upande ili jicho zima lifanye kazi ya mawili. Nikamwambia daktari anasafiri, orodha imejaa. Kosa lilikuwa wapi sikumwambia. Sikuweza wakati ule, wala miaka yote aliyoishi na jicho lile moja.

Akapepeta mchele.

"Basi nwandikie," akasema. "Nwambie ahsante, aende salama."

Nikamuuliza nitie maneno gani.

"Yale yale," akasema. "Yalikuwa mazuri."