Sauti ya Saa Saba

Dada yangu alisoma habari za saa saba mchana kwenye redio ya umma kwa miaka kumi na tisa. Ni redio inayoendeshwa kwa kodi zetu sote, ushuru wa meza ya mama ukiwemo. Mama aliuza nyanya sokoni, na saa saba ikifika aliweka redio juu ya kreti tupu na kuwanyamazisha wateja. "Ngojeni kwanza, mwanangu anasema." Nilikuwa naona aibu, na wivu pia, sikatai.

Kule redioni msomaji haongezi neno. Anasoma karatasi iliyotiwa saini na mhariri, basi. Baada ya habari hufuata matangazo ya vifo, na dada aliyasoma kwa utulivu hata watu wakawa hawasadiki msiba mpaka wausikie kwake.

Siku soko lilipovunjwa, tingatinga lilifika watu wakiwa bado wanapanga bidhaa. Mama aliangukiwa na nguzo, akavunjika nyonga. Nilimpigia dada simu kutoka wodini. Mwandishi wao alikuwa ameandika majeruhi tisa. Mhariri akaukata mstari huo kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake kwamba wachuuzi walihama kwa hiari yao.

"Bosi, mama yangu ni mmoja wa hao tisa," dada alimwambia.

"Pole sana. Lakini simu imetoka juu. Hata mimi nina watoto."

Dada naye ana watoto. Akasoma. Tena alisoma vizuri, hakukwama hata mahali pamoja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Redio ya wodini ilikuwa imewashwa. Wanawake wa sokoni, na bandeji zao, waligeuka wakamtazama mama. Mama akatazama ukuta.

Jioni dada alikuja na chupa ya chai. Mama hakumgombeza, heri angemgombeza. Alikunywa kidogo, akasema, "Nikifa, msinitangaze huko kwenu. Watu watasema bado napumua."

Tulicheka sote watatu. Dada alicheka mpaka akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kidonda cha nyonga kiliingia usaha, na wiki ya tatu mama akatutoka. Wosia ni wosia, hatukupeleka tangazo. Tulipita mlango kwa mlango, dada mbele, mimi nyuma. Tulianza kwa muuza vitunguu, jirani wa meza ya mama, ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta.

"Mama amefariki leo asubuhi," dada alimwambia, kwa sauti ile ile ambayo mji mzima unaijua.

Yule muuza vitunguu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Eti mwanangu, ni kweli?"