Kikombe cha Dirishani

Mimba yangu ilipoharibika, nilianza kukohoa. Siku nilipotema damu, wapangaji wenzangu pale Mikindani wakaamua ni TB. Jirani wa chumba cha pili, niliyekunywa naye chai kila asubuhi, akakitenga kikombe changu dirishani. Sikumlaumu. TB huambukiza.

Daktari akasema siyo TB. Mabaki ya ile mimba yalikuwa yamegeuka uvimbe wa saratani, ukasambaa hadi mapafuni. Ni nadra, akaniambia, lakini hutibika, na hauambukizi mtu. Nilirudi nyumbani nusura nikimbie. Jirani alikuwa barazani akipepeta mchele.

“Shoga, siyo TB! Ni ile mimba yangu, imepanda kifuani.”

Akauweka ungo chini, akafunika tumbo lake kwa mikono miwili. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jamani, si ningenyamaza! Nilipokuwa na TB ya uongo, angalau alikuwa akinisalimu.

Nilipona. Mtoto wake sasa anatembea. Akielekea mlangoni kwangu, mamake humwita upesi, kwa upole, kama mtoto aliyesogelea jiko.